Kinyonga wa buku tano

Mwaka 2017 nilienda Amani, kule Muheza kwenye milima ya Usambara, na kamera ya kuazima, namtafuta kinyonga wa pembe 3. Siku mbili nzima nikaambulia ukungu na mvua tu. Siku ya tatu dogo mmoja akaniambia bro nipe buku tano nakuletea, na kweli saa moja haijaisha akaja naye kwenye kofia. Tukamuweka kwenye tawi zuri lenye kuvumwani, nyuma msitu umefifia, akishuka tunamrudisha, akishuka tunamrudisha, mpaka akawa mweusi ubavuni na kuachama mdomo. Hapo ndo nikapiga. Aisee picha ilitoka balaa.

Nikaituma kwenye shindano moja, maelezo nikaandika "nilimkuta asubuhi msituni". Ikaingia fainali.

April 2018 nikasoma habari ya Marcio Cabral, yule Mbrazili wa picha ya mnyama mla mchwa usiku kwenye kichuguu kinachowakawaka, hifadhi ya Emas. Ilikua imeshinda kwenye Wildlife Photographer of the Year, shindano la picha za wanyamapori la makumbusho ya Natural History Museum kule London, wakamnyang'anya tuzo. Wanasayansi 5, kila mmoja kivyake, walimlinganisha na mnyama aliyekaushwa ambae anawekwa pale wageni wanapofikia hifadhini, alama za mwilini, mkao, mpaka vishungi vya manyoya, wakaona ni yuleyule. Mwenyewe alikataa. Na kabla yake, 2010, walishamvua tuzo Mhispania José Luis Rodríguez, wakaona mbwamwitu wake anaeruka geti ni wa kufugwa.

Nikaanza kujitetea moyoni, mi wangu alikua hai bana, tena wa hapohapo Amani. Halafu nikaifungua picha nikaikuza. Watu walikua wanamsifia ukali wake, na mimi najua alikua anaogopa, nimemsumbua karibu nusu saa, kile kinywa wazi ni cha kwangu mimi, nimekitengeneza kwa mikono yangu nikakiita bahati. Iliniuma sana.

Usiku uleule nikawaandikia wale wa shindano langu, nikaeleza kofia, tawi, kila kitu, nikaomba waitoe. Wakajibu mistari miwili.

Kesho yake nikampigia yule dogo nimuulize alimrudisha wapi kinyonga. Akasema, "Kumrudisha? Bro mi nilimuacha palepale tulipokua, si ulisema umeshamaliza?"