Shilingi 36,000, wiki 16: nilivyogawa pesa ya muhula wa kwanza chuoni, Tudor, Mombasa

Mkopo wa masomo na mchango wa nyumbani vilipoungana nilikuwa na 36,000. Kwa mwanafunzi mgeni hizo ni pesa nyingi, na hapo ndipo penye mtego. Nilizigeuza kuwa pesa ya wiki kabla sijanunua hata sufuria.

Kwanza chumba. Kisauni nilipata kwa bei iliyopungua 1,000 kwa mwezi, lakini matatu ni 50 kwenda na 50 kurudi. Siku tano ni 500, mwezi 2,000, na hapo sijahesabu mvua, ambapo nauli hupanda bila kuuliza mtu. Likoni kivuko ni bure kwa anayetembea kwa miguu, ila ukishavuka bado kuna matatu ya kukufikisha chuoni. Nikachukua chumba cha watu wawili Tudor, natembea kwa miguu: sehemu yangu 3,000 kwa mwezi. Miezi minne 12,000 na dipoziti 3,000, nikalipa zote pamoja na kuchukua risiti. Risiti hiyo itunze, bila yake dipoziti ni hadithi.

Zilibaki 21,000. Mtungi wa gesi wa kilo 6, jiko na vyombo vilinila 3,000 (mwenzangu alitoa kiasi hicho hicho), fotokopi na daftari nikawekea 2,000. Kwenye 16,000 zilizosalia nilitenga 1,600 za dharura. Hivyo 14,400 kwa wiki 16, yaani 900 kwa wiki: chakula na gesi 650, bando 100, tokeni za stima 50, sabuni na vikorokoro 100.

Pesa ikikaa mahali pamoja huliwa. Nilifunga 6,300, za wiki saba za mwisho, kwenye akaunti ya kufunga ya M-Shwari, huduma ya akiba iliyo ndani ya M-Pesa, kwa miezi miwili. Kwa nini si wiki nane? Kwa sababu wiki nane ni siku 56 na miezi miwili inakaribia 60. Ungelala njaa siku nne ukiitazama pesa yako kwenye simu.

Makato ya M-Pesa ndiyo yanayowatafuna wengi kimyakimya. Kutoa 200 kwa wakala ni 29, na kutoa 1,000 vilevile ni 29. Anayetoa 200 mara tano amelipa 145. Mimi nilitoa mara moja, Jumatatu, na dukani nililipa kwa till (namba ya malipo ya duka), ambako mnunuzi hakatwi. Kutuma 100 au chini yake pia ni bure, kwa hiyo deni dogo la mwenzako lilipe hivyo.

Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisipotosha, niliiepuka, na si kwa sababu ya ada tu (1% ya kuanzia, kisha ada ya siku). Tatizo ni kwamba hujilipa yenyewe. Ukiwa unadaiwa 600 na mama akatuma 1,000, unabaki na 400 hivi, na wiki yako imekwisha kabla haijaanza.

Chakula tulipika pamoja. Soko la Kongowea tulikwenda Jumamosi: vitunguu na nazi za wiki nzima, lakini nyanya za siku tatu tu, kwani joto la Mombasa haziliwezi na rahisi yake hugeuka hasara. Mbaazi tuliziloweka usiku kucha. Zisizolowekwa hula gesi bure. Mchana ugali na mchicha au dagaa, usiku mbaazi za nazi na chapati. Mahamri ya kununua asubuhi yaonekana kitu kidogo, lakini ukila mawili na chai kibandani kila siku utashangaa Ijumaa. Tuliyaacha kwa Jumapili.

Muhula wa pili hakukuwa na dipoziti wala jiko la kununua. Hizo ni 6,000. Ukigawa kwa 16 ni 375 zaidi kila wiki, na mahamri yakarudi.