Kalamu ya kauri niliyoishika Arita

Jamani, leo nimeshika kalamu ya wino ya kauri hapa Arita, mkoa wa Saga, Japani, na hadi sasa nausikia ubaridi wake vidoleni.

Ukiishika mwanzo ni baridi, halafu inachukua joto la mkono taratibu. Nyeupe kama maziwa, imechorwa maua mekundu na majani ya buluu, nibu yake ya dhahabu. Niliisogeza dirishani nikaona njia ya brashi: mstari unaanza mnene pale ilipotua, unaishia mwembamba kama unywele. Mtu kaichora hii kwa mkono, kwenye kitu chenye unene wa kidole!

Ila kilichonigusa zaidi ni habari ya tanuri. Kauri huchomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi, na ikiiva husinyaa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kikombe kikipishana nusu milimita, hakuna atakayejua. Kalamu ikipishana hivyo, kifuniko hakifungi, kazi yote imepotea. Tena buluu hupakwa kabla ya mng'aro, ule utando kama kioo unaofunika kauri, nyekundu juu yake, kisha kitu kinarudi motoni upya.

Wenyeji wanahesabu kazi hii ya kauri tangu 1616, jiwe jeupe la kuitengenezea lilipopatikana Izumiyama, hapa hapa Arita.

Kuinunua sikuweza. Niliomba niandike nayo tu, nikaandika jina la mama yangu. Muuzaji akaikunja ile karatasi vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.