Ziara ya Mackinnon Road: nilipopitwa na kituo ndipo nikaijua njia

Ukitangaza hapa Kisumu kwamba unakwenda kumzuru Seyyid Baghali Shah, walii aliyezikwa Mackinnon Road, kila mtu anageuka mwalimu. Huyu atakufundisha dua, yule atakukanya kwamba hayo ni ushirikina, wa tatu atakuhesabia sura za kusoma. Hakuna hata mmoja atakayekufundisha kushuka. Na kwa mtu anayetoka huku Magharibi, kushuka ndiyo kazi yenyewe. Kaburi halisogei; kinachokimbia ni basi ulilopanda.

Mackinnon Road ipo kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, katika nyika kavu ya Taru. Ukitoka Nairobi na kuipita Voi, mbele utakuta Maungu, kisha lango la Bachuma la kuingilia Tsavo Mashariki, kisha Mackinnon yenyewe, halafu Taru, Samburu na Mariakani. Yashike majina haya kwa mpangilio huo kama unavyoshika Alhamdu. Kutoka Voi ni kama kilomita 70, na kutoka hapo hadi Mombasa ni 80 na kitu. Msikiti umejengwa kando ya reli ya zamani na kaburi limo humo humo, kwa hiyo adabu ya pale ni adabu ya msikiti tangu mlangoni.

Seyyid Baghali alikuwa Mpunjabi, mnyapara wa mafundi wa reli. Masimulizi yanasema wenzake walikuwa wakibeba makarai ya mawe na udongo kichwani, lakini karai lake lilielea, halikumgusa kichwa. Shangazi yangu niliyesafiri naye, mzaliwa wa Mumias aliyebeba kila aina ya mzigo kichwani, aliposimuliwa haya aliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: "Sasa alikuwa akivaa kata ya nini?" Wazee wa reli nao husema garimoshi likipita hapo hupunguza mwendo na kupiga honi.

Ni reli ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kutufikia huku Kisumu, enzi hizo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na kama 2,500 kati yao walifia huku. Kwa hiyo mtu wa Kisumu akienda Mackinnon anaifuata reli yake mwenyewe kwa nyuma. Hilo ndilo nililomjibu kijana wa msikitini kwetu aliyeniuliza nina uhusiano gani na kaburi la Mhindi. Kuhusu ushirikina sikubishana naye: Mtume alikataza kuzuru makaburi kisha akaruhusu, na anayeombwa ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Sasa ushauri mbovu niliopewa. Wa kwanza: "Panda treni ya SGR," yaani reli mpya ya Nairobi na Mombasa. Ile ya moja kwa moja haisimami popote karibu na hapo, na ile inayosimamasimama vituo vyake vya upande huo ni Voi, Miasenyi na Mariakani. Mackinnon hakuna kituo. Wa pili: "Shuka Voi uchukue bodaboda." Kilomita 70 nyuma ya pikipiki, pamoja na malori ya bandarini, na shangazi mwenye goti bovu! Aliyenishauri hivyo sidhani kama amewahi hata kufika Nakuru. Wa tatu ndio nilioufuata, kwa ujinga wangu: "Panda basi la usiku Nairobi, mwambie makanga akushushe Mackinnon. Ni rahisi sana."

Tuliondoka Kisumu asubuhi, tukabadilisha gari Nairobi, na saa tatu usiku tukawa kwenye basi la Mombasa. Nilimwambia makanga mara mbili. Alinijibu, "Hakuna shida, mzee," na hiyo "hakuna shida" ningeijua maana yake nisingefumba jicho. Basi lililotoka Nairobi saa tatu au saa nne hupita Mackinnon saa kumi za alfajiri au karibu na hapo. Saa hizo makanga amelala. Dereva hataki kusimama gizani maana yuko kwenye mteremko wa kuelekea pwani na anataka kumaliza safari. Na wewe ukichungulia dirishani unaona weusi mtupu na taa za malori. Niliamka nikaona taa nyingi, malori yamepanga foleni kwenye mizani, nikamwambia shangazi tumefika. Akatazama nje akasema, "Mwanangu, huo si msikiti, hiyo ni mizani." Ilikuwa Mariakani. Tulikuwa tumeipita Mackinnon kwa kilomita kama 50.

Tulishuka na mizigo yetu nikiwa na aibu ya kutosha kujaza lori mojawapo pale. Lakini tazama kilichofuata. Adhana ya alfajiri ikatoka, tukaufuata mwito wake, tukaswali. Chai ikapatikana, na mahamri ya moto. Kulipopambazuka wakaanza kupita matatu wa kutoka Mombasa kwenda Voi, na hawa husimama popote panapoita abiria. Nauli ilikuwa mia tatu hivi kwa kila mmoja, ingawa siku za sikukuu usishangae ikizidi. Baada ya muda tukashushwa pale pale, mchana mweupe, tumenawa uso, tumekula, na watu wa kuulizwa wapo.

Tangu siku hiyo, anayeniuliza namwambia apitwe kwa makusudi. Kuna mabasi yanayotoka Kisumu moja kwa moja hadi Mombasa. Yanaondoka mchana au jioni na kufika asubuhi, saa 14 hadi 16 kutegemea foleni na madereva. Kata tiketi ya Mombasa kamili, nauli ya kushukia njiani haina tofauti ya maana. Shuka Mariakani kukipambazuka, kisha rudi nyuma na matatu wa Voi. Makanga huyu umwambie maneno haya hasa: "Mackinnon, msikiti wa reli." Ukisema "Mackinnon" tupu anaweza kukushusha sokoni, ukatembea na mzigo juani. Na kama unang'ang'ania kushuka moja kwa moja, basi panda basi la mchana na usihesabu saa, hesabu majina: ukiona Maungu vaa viatu, ukiona lango la Bachuma simama uende mlangoni.

Nauli ya Kisumu hadi Mombasa? Elfu mbili kwenda juu. Desemba usiniulize.

Chakula cha njiani kilituponza pia. Shangazi alipika kuku wa mchuzi na wali, akavifunga kwenye hotipoti vikiwa moto vinafuka. Tulipofungua Emali harufu ilitufukuza kabla hatujatia mkono. Chakula kilichofungwa na mvuke wake, kikakaa na uvuguvugu mchana kutwa, hakina budi kuchacha. Beba mayai ya kuchemsha na maganda yake, njugu, chapati zilizopoa kabisa kabla ya kufungwa, na maembe yasiyoiva sana. Maji lita tatu kwa kila mtu, na nusu lita pembeni ya kutilia udhu, kwa sababu nyika ile ni ya ukame na si vizuri mgeni kutegemea mapipa ya wenyeji.

Mavazi hayana ugumu: mwanamume kanzu au shati la mikono mirefu na kofia, mwanamke buibui au leso mbili na mtandio. Kwa kuwa kaburi limo msikitini, mwanamke aliye kwenye ada yake ya mwezi haingii, basi ahesabu siku zake kabla ya kukata tiketi. Goti likiwa bovu, beba mkeka mnene uliokunjwa mara nne. Sakafu ni ngumu, na Yasini kwa mwendo wa shangazi yangu si ya dakika tano.

Tia udhu kabla ya kuingia. Ingia kwa mguu wa kulia, swali rakaa mbili za kuamkia msikiti, ndipo uende kaburini. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaliendea kaburi kwanza na msikiti wanausahau. Jongea kwa upande wa miguuni, usimame ukielekea uso wa maiti, yaani kibla kiwe mgongoni mwako. Toa salamu ya watu wa makaburini: Assalamu alaykum ahla-ddiyari minal muuminina walmuslimin, wa inna insha Allahu bikum lahikun. Kisha keti, soma. Sisi tulisoma Yasini, Alhakumu mara moja, Kulhuwallahu mara 11, Falaki, Nnasi na Fatiha, tukamtumia thawabu zake Mtume, kisha mwenye kaburi, kisha vibarua wote wa reli waliozikwa bila jina njiani, kisha wazazi wetu. Dua ukiomba, geukia kibla. Usisujudu, usilizunguke kaburi, usiswali ukilielekea. Na sauti iwe ya chini, maana jirani yako naye ana la kwake.

Kitambaa cha kufunika kaburi usinunue Kisumu kwa kubahatisha. Mimi nilinunua mita tatu za kijani kibichi, nikafika nikakuta kaburi limeshafunikwa vitambaa vizuri kuliko changu, vingine vimedariziwa nyuzi za dhahabu. Nilikitoa kwa mlinzi, akakipokea kwa heshima akakiweka kando. Fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye sanduku la sadaka. Beba noti ndogondogo, za hamsini na mia, ili usisimame mbele ya sanduku na noti ya elfu ukitafuta chenji kama uko sokoni. Kiingilio sisi hatukudaiwa. Udi wa vijiti uliza kwanza kabla ya kuwasha. Marashi ya mawaridi mlinzi alituruhusu, na shangazi alikuwa na mrashi wake wa shaba, akanyunyiza mara tatu tu kwenye kitambaa. Ukiwa umekaa pale harufu ya waridi inachanganyika na ya dizeli kutoka barabarani, na lori zito likipita unauhisi mtetemo wake sakafuni, kwenye goti.

Kuhusu sala. Kutoka Kisumu safari ni zaidi ya kilomita 700, kwa hiyo una ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Adhuhuri rakaa mbili, kisha Alasiri mbili papo hapo, na nia ya kukusanya uwe nayo ndani ya sala ya kwanza. Magharibi haipunguzwi, inabaki tatu. Kosa nililoliona pale: msafiri anajiunga na jamaa nyuma ya imamu mwenyeji, kisha anatoa salamu kwenye rakaa ya pili na kuinuka. Ukimfuata mkaazi unatimiza nne. Kama unataka mbili, swali peke yako au na wasafiri wenzako.

Muda wa kutosha ni saa mbili au tatu. Ukifika saa tatu asubuhi, unamaliza kabla jua halijawa kali. Ijumaa watu huwa wengi, kwa hiyo mwenye mgonjwa au mzee aende siku nyingine. Reli iko hapo hapo, unaweza kuitazama, ila usiruhusu watoto waguse chuma saa sita mchana, kinaunguza kama kikaango.

Kurudi, usisimame kando ya barabara ukisubiri basi la Kisumu. Mabasi ya masafa marefu yamejaa tangu Mombasa na hayakuoni. Ama chukua matatu hadi Voi utafute la Nairobi hapo, ama rudi Mombasa ulale, upande basi steshoni kwake ukiwa na kiti chenye namba. Sisi tulirudi Mombasa, kwa sababu ya goti, na kwa sababu shangazi alisema hawezi kuwaambia watu wa Mumias kwamba alifika karibu na bahari namna ile asiione. Matatu wa jioni huja wamejaa, basi ikipita saa tisa bado uko Mackinnon, anza kusimamisha chochote kinachoelekea Mariakani.

Na mrashi, ukishaumwaga maji yake, ukaushe kabla ya kuutia kwenye mkoba. Wetu ulibaki na robo, nikaulaza juu kwenye rafu ya basi. Kuanzia Nakuru ulinidondokea polepole begani, Kericho shati lilikuwa limelowa, na tulipofika Ahero abiria wa nyuma yangu aliniuliza kama natoka arusini.