Siku moja maishani mwangu: kufufua foleni ya meseji iliyoisha muda

Saa 12:20 asubuhi niko kwenye daladala, simu inaita. "Kaka, watu wameweka hela tangu jana usiku na hakuna aliyepata meseji." Mimi ni fundi wa mifumo wa SACCOS moja hapa Dar. Mwanachama asipoona meseji ya akiba yake anadhani hela imeliwa, na ana haki ya kuhofu.

Saa 1:30 logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo) zinaonyesha muunganisho unakataliwa kwenye poti 5671. Hiyo ni RabbitMQ yetu, programu inayoshika meseji kwenye foleni hadi zichukuliwe kutumwa; tunaikodi kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni nyingine mtandaoni. Dashibodi imeandika wazi: muda umeisha, huduma imesimamishwa, tusipolipia data itafutwa. Kadi ya ofisi ilibadilishwa, malipo ya kila mwezi yakagoma.

Saa 2:15 nampigia mama wa uhasibu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, ankara nimeiona, nalipia sasa hivi." Saa 3 kasoro huduma inawaka.

Wengi hudhani kazi imeishia hapo, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Foleni zetu ni za kudumu na meseji huandikwa kwenye diski, hivyo zilizoingia kabla ya kuzimwa zipo. Za usiku, huduma ikiwa imezimwa, mfumo wetu wa akiba za wanachama ulizitunza kwenye hifadhidata. Sasa zipi zitoke? Namba za siri za kuingilia hufa baada ya dakika 5. Kuzituma leo ni kumtisha mtu bure, kwa hiyo foleni ya namba hizo naifuta yote. Vikumbusho vya marejesho navipitia upya, aliyekwisha lipa asidaiwe. Risiti za akiba lazima ziende zote, kila moja mara moja tu. RabbitMQ huirudisha meseji kwenye foleni ikiwa mpokeaji, yaani programu yetu inayochota meseji na kuzituma kwenye simu, amekatika kabla ya kuithibitisha, hata kama simu ya mwanachama ilishaipata. Ndiyo maana nalinganisha namba za miamala na zilizokwisha tumwa, na kila risiti naiongezea saa halisi ya muamala.

Saa 5 nawasha mpokeaji mmoja, kikomo meseji 10 kwa mkupuo. Safu ya Unacked (zilizochukuliwa ila hazijathibitishwa) inachezea 10, ya Ready (zinazosubiri kuchukuliwa) inashuka taratibu.

Saa 8 foleni ya akiba imekwisha. Wali maharage, haraka.

Saa 10 tunabadilisha anwani ya arifa za malipo. Zilikuwa zikienda kwa mtu mmoja aliyehamishwa idara. Sasa zinaingia kwa uhasibu na kwetu mafundi kwa pamoja.