Nilivyowasimulia watoto maisha ya Rebmann kwa donge la barafu

Jumapili ya kwanza niliboronga, tena vibaya.

Kasisi wetu alinipa Jumapili mbili za mwezi wa misheni, niwafundishe watoto wa shule ya Jumapili maisha ya mmisionari mmoja, nimchague mwenyewe. Wengi hapa Mombasa humchukua Krapf. Jina lake liko kila mahali, na kaburi la mkewe Rosine, aliyefariki 1844 pamoja na kichanga chao, liko ng'ambo kule upande wa Nyali. Lakini mama yangu ni Mrabai, wa kule Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa. Tulipokuwa tukienda kwa bibi likizo, tulikuwa tukioneshwa nyumba mbili kuukuu, "ile ya Krapf, na ile ya mwenziwe." Huyo mwenziwe hakuna aliyekuwa akimsimulia. Ndiye niliyemchagua: Johannes Rebmann.

Nikaingia darasani na karatasi tatu na chaki. Nikaandika ubaoni: kazaliwa 1820 Gerlingen, Ujerumani. Kasomea Basel, kisha Uingereza. Kafika Mombasa Juni 1846, na Agosti akapanda Rabai na Krapf kufungua kituo, wote wawili wakitetemeka kwa homa. Krapf akaondoka 1853. Yeye akabaki hadi 1875. Miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja.

Hapo kijana mmoja wa miaka kumi na miwili, mtoto wa muuza viazi karai, akainua mkono. "Mwalimu, kwa hiyo aliokoa watu wangapi?"

Nikajibu ukweli. Wachache, wa kuhesabika kwa vidole. Hata yule wa kwanza kubatizwa, Mringe, mlemavu wa miguu, alibatizwa na Krapf akiwa kitandani anakata roho.

"Miaka 29?" Darasa zima likacheka. "Basi huyo alifeli."

Sikuwa na jibu. Nikawaimbisha wimbo, nikawafungulia mlango.

Wiki hiyo nilipata shida kweli. Jumatano nikapanda matatu hadi Mazeras, nikaingia Rabai kwa bodaboda. Sikwenda kutafuta kitu maalumu. Niliingia kwenye makumbusho, lile kanisa la zamani la 1887, nikazunguka nje, nikakaa chini ya mwembe. Upepo wa kule juu si wa Mombasa, unapita mwilini kama maji. Nikatoa daftari langu nilimonakili safari yake ya kwanza ya Uchaggani, nikaisoma upya, safari hii polepole.

Aliondoka mwishoni mwa Aprili 1848 na wapagazi wasiofika kumi, msafara ukiongozwa na mtu wa pwani, Bwana Kheri. Yeye mwenyewe silaha yake ilikuwa mwavuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei akaona juu ya mlima, huu tunaouita Kilimanjaro, kitu cheupe kikimeremeta, akadhani ni wingu. Akamuuliza aliyekuwa akimwongoza. Yule akajibu neno moja tu: baridi.

Sehemu hii nilikuwa nimeipita mara kumi. Wengi wakiisimulia humcheka kiongozi wa msafara, eti hakujua theluji. Inaniudhi. Mtu kaulizwa kile ni nini, katika lugha isiyo na neno la kitu hicho, akajibu kwa kile ambacho waliokifikia walikisimulia. Ungejibu nini wewe? Na tena Wachagga walikuwa wakiishi chini ya mlima huo vizazi na vizazi, kwa hiyo hili neno "aligundua" huwa silitumii mbele ya watoto. Alioneshwa. Alichofanya Rebmann ni kuuliza, kusikiliza na kuandika.

Nikiwa kwenye matatu ya kurudi nikajua nitakachofanya. Ijumaa nikaenda kwa jamaa anayeuza samaki, nikamwomba donge la barafu la Jumapili alfajiri, kubwa kama tofali. Akaniuliza kama nafungua duka la sharubati.

Jumapili ya pili sikuandika chochote ubaoni. Niliweka boksi la samaki juu ya meza, limefunikwa leso (lilinuka kidogo, siwezi kukataa). Nikawaambia: nyinyi ni watu wa mwaka 1848. Friji haijazaliwa. Neno barafu haliko. Atakayelitamka yuko nje. Kisha mmoja mmoja akaingiza mkono chini ya leso na kuniambia kuna nini.

Wa kwanza akasema kioo. Wa pili akasema jiwe, akajirudi, "hapana, jiwe halilii maji." Wa tatu alitaka kusema barafu, akajiziba mdomo. Kisha kasichana kadogo kuliko wote, ka miaka saba, kakavuta mkono haraka, kakasema: "Mwalimu, humu mna baridi!"

Nikawasimulia. Hata kabla sijamaliza, walikuwa wameanza kupiga kelele kwamba yule kasichana ndiye kiongozi wa msafara.

Nikawaongezea kisa ambacho Rebmann alisimuliwa katika safari hizo. Mfalme mmoja wa Uchaggani aliwahi kutuma watu wapande wakaangalie kama ile nyeupe ni fedha. Wengi hawakurudi, na aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Tena ilisemekana kwamba vitu hivyo vikiteremshwa chini vinageuka maji. Nikampa yule wa viazi karai kipande, nikamwambia akipeleke kwa mfalme, yaani kwa kasisi, ng'ambo ya uwanja. Alikimbia. Alifika na kiganja kibichi. Kasisi hakuwa na habari ya mchezo wetu, akadhani mtoto ametoka kunawa, akampa taulo.

Nikawaeleza pia kwamba Rebmann alipoandika habari za theluji karibu na Ikweta, mtaalamu mmoja wa ramani kule London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alisema haiwezekani. Mabishano yakaendelea miaka, mpaka Baron von der Decken alipopanda sehemu ya mlima 1862, naye akathibitisha. Hilo nililipitisha upesi. Watoto walishaamini, mikono yao ilikuwa bado imekufa ganzi.

Kazi ngumu ilikuwa kuwafikisha kwenye ile miaka mingi ambayo hakuna mlima wala safari. Safari yake ya tatu, 1849, alinuia kufika Unyamwezi, lakini Mamkinga, mfalme wa Machame, alimmaliza vitu vyote kwa kudai zawadi, akarudi mikono mitupu. Baada ya hapo ni Rabai na lugha. Mkewe Emma alifariki 1866. Mtu ameketi na maneno.

Nikawagawa wawiliwawili. Darasa langu lina Wagiriama, Wataita, Wakamba, Wajaluo. Kila mmoja amuulize mwenzake neno moja la kwa bibi yake, aliandike, kisha aeleze maana yake bila kuonesha kwa mikono. Dakika kumi zikaisha kwa neno moja moja. Wawili nusura wapigane kuhusu neno la Kikamba, kama ni chungu au sufuria. Ndipo nikawaambia kwamba Rebmann alimpata mtu aliyeitwa Salimini, mtumwa aliyetoka pande za Ziwa Nyasa, akakaa naye akimuuliza neno baada ya neno, hadi ikawa kamusi nzima ya Kinyasa, iliyochapishwa 1877. Na Injili ya Luka aliigeuza kwa Kiswahili, ikachapishwa 1876. Macho yakawa yanazimika huku anaandika. Mwishowe akapofuka kabisa.

Yule wa viazi karai hakuuliza tena waliookoka ni wangapi. Sisemi nilimjibu, maana swali lake hata mimi bado linanisumbua. Aliuliza, "Salimini naye alilipwa?" Nikamwambia lingekuwa vizuri kujua hilo.

Zilibaki dakika chache. Nikalikamua lile leso, likiwa limelowa, nikamfunga nalo macho mvulana mmoja mrefu, nikamwita yule kasichana wa baridi. Nikawaambia, huyu sasa ni Rebmann, mwaka 1875, hana mke, haoni, anarudi kwao. Na wewe ni Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, Mrabai. Mchukue mpaka getini.

Wakatoka. Wengine wote tukafuata kimya, jambo ambalo darasa langu halijawahi kufanya tangu nilichukue. Kalikuwa kanamwambia, "Ngazi. Ngazi nyingine. Hapa kuna shimo, ruka." Mrefu alijigonga kwenye pikipiki ya mzee wa kanisa, lakini hakuna aliyecheka. Nikawa nasimulia nikiwa nyuma yao: kwamba walisafiri hivyo mpaka Uingereza, kisha Ujerumani, na kwamba Rebmann alikwenda kuishi Korntal, karibu na rafiki yake wa zamani Krapf, akafa huko Oktoba 1876.

Walipofika getini kasichana kakasimama, bado kamemshika mkono mwenziwe, kakanigeukia.

"Mwalimu, na mimi? Nilirudi?"

"Ulirudi Rabai," nikamwambia. "Peke yako."

Kakafikiri kidogo, kisha kakamfungua leso.