Kwenda Chogo na Fundi Cherehani

Watu wengi wa Tanga mjini hawaijui Chogo. Ukiwaambia kwamba ndani ya mkoa wao, kule Handeni, kuna makazi ya watu waliokimbia vita vya Somalia, watakuuliza kama hukuchanganya na Kigoma. Kwa wengi wetu habari za wakimbizi ni habari za upande wa ziwa: Nyarugusu, Wakongo, Warundi, malori ya unga. Mimi mwenyewe nimekulia Ngamiani, hapo hapo Tanga mjini, na jina la Chogo nililisikia nikiwa mtu mzima, tena kutoka kwa muuza kanga.

Kikundi chetu ni cha majirani. Hatuna gari, hatuna kibao mlangoni, na ofisi yetu ni baraza ya bibi mwenyekiti. Mwisho wa mwezi tunachangishana, mimi naandika kwenye daftari nani katoa na nani kaahidi, na waahidi siku zote ni wengi kuliko watoaji. Safari hii tulikuwa na sababu moja. Akina mama wa Chogo walitutumia ujumbe wa sauti kwenye simu: cherehani walizopewa na mradi fulani miaka ya nyuma zimekufa, na mafundi wa karibu wanadai hela ya kuzinunulia nyingine. Mradi ukishafungwa, vipuri navyo hufungwa. Basi tukaamua kwamba badala ya robota la mitumba, tutapeleka fundi.

Fundi wetu ni mtu wa makamo, mpole, Mzigua wa Handeni aliyehamia mjini tangu ujana. Alikuja alfajiri na boksi la maboksi: mikanda ya ngozi, sindano namba 14 na 16, bobini, bisibisi za kila umbo na chupa za mafuta ya cherehani alizozifunga kwa mifuko miwili miwili. Bibi mwenyekiti naye alikuwa na mfuko wa miwani ya kusomea tuliyonunua kwa jumla. Tukajibana kwenye Noah ya kukodi, dereva akasoma dua, tukaondoka.

Barabara ya kutoka Tanga hadi Segera ni kilomita 70 hivi, na mtu anayeijua hana haja ya kuelezwa. Pongwe, kisha Muheza na machungwa yake yaliyopangwa mafungu mafungu, kisha trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Dereva wetu alikuwa anatembea 50 kwa utii ambao sijawahi kuuona kwake mjini. Baada ya hapo ni mkonge kushoto na kulia hadi unachoka. Huwa nacheka nikisikia watu wakisema nani ni mwenyeji na nani ni mgeni katika mkoa huu. Mkonge wenyewe ni mgeni. Uliletwa na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mwaka 1893, na kati ya miche aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai. Nyuma ya mkonge wakaja manamba, vibarua wa mashamba, kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Rwanda na Burundi. Nusu ya darasa langu la shule ya msingi lilikuwa la wajukuu wa manamba, na hakuna aliyewauliza karatasi.

Hale tukavuka mto Pangani, Segera tukanywa chai na chapati, tukakata kuelekea njia ya Dar es Salaam. Mkata tukakunja kulia kuifuata lami ya Handeni. Hapo ndipo hewa inapobadilika. Upepo wa bahari umeshabaki nyuma, jua linakaa kichwani, na kando ya barabara unaanza kuona madumu ya maji ya njano kwenye baiskeli, kwenye pikipiki, kwenye vichwa. Handeni na shida ya maji ni ndugu wa siku nyingi. Fundi aliamka usingizini akaanza kutuonyesha: kule kwa mjomba, pale alipofundishwa kazi. Handeni mjini, Chanika, tukapita kujitambulisha kwa barua yetu, tukapigiwa muhuri, tukaendelea kwa njia ya vumbi.

Lazima niseme ni watu gani hawa tuliokuwa tunawaendea, maana bila hilo safari haieleweki.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Uzigua, yaani Handeni hii na jirani zake. Watu waliuza walichokuwa nacho, kisha wakajiuza wenyewe ili wale. Wengine walipakiwa majahazini kwa ahadi kwamba wanakwenda kufanya kazi na watarudi mvua zikinyesha. Wakashushwa pwani ya Somalia, Barawa, Marka na Mogadishu, wakauzwa kwenye mashamba ya mto Shebelle. Waliotoroka walikimbilia kusini, kwenye misitu ya mto Juba, wakafyeka mashamba na kujenga vijiji vyao wenyewe. Masimulizi yao yanamtaja Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko walikaa zaidi ya miaka mia moja, wakawa Waislamu, wakajifunza Kisomali, lakini nyumbani wakaendelea kusema Kizigua.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, wenye bunduki waligeukia bonde la Juba kwa sababu ghala za mahindi zilikuwa huko, na wakulima hawa hawakuwa na ukoo mkubwa wa kuwalinda. Wengi walikimbilia Kenya, kambi za Dadaab, na kutoka huko maelfu wakachukuliwa na Marekani kuanzia mwaka 2003. Wengine walipitiliza hadi Tanzania, wakipita njia ile ile iliyowapeleka wazee wao, ila sasa wanarudi. Waliwekwa kwanza Mkuyu, Handeni. Mwaka 2003 takriban watu 3,000 wakahamishiwa Chogo, ambako serikali ilitoa ardhi na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikasaidia kujenga. Wakapewa mashamba. Baadaye wakafunguliwa mlango wa kuomba uraia, na wengi wakaupata.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo wafadhili hupenda kupigia picha. Mimi inanivutia zaidi kilichofuata. Mkimbizi akipata uraia, anatoka kwenye hesabu za mashirika. Ni jambo jema, hata mimi ningelitaka. Lakini siku hiyo hiyo anaingia kwenye foleni ya mwanakijiji yeyote wa Handeni: zahanati ile ile, kisima kile kile, mvua zile zile. Na vitu alivyoachiwa na mashirika vinaanza kuharibika kimoja kimoja bila mtu wa kumwambia.

Tulipofika, akina mama walikuwa wameshatandika mikeka chini ya mti na cherehani zimepangwa, nyingi ni Butterfly nyeusi zenye meza na kibao cha kukanyagia. Nyingine zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kudarizi kwa heshima kubwa, ingawa hazijashona kwa muda mrefu. Mwenyekiti wao alitupokea kwa chai ya maziwa yenye iliki ya kutosha, na kabla hatujamaliza kikombe fundi alikuwa ameshalaza cherehani ya kwanza ubavu.

Nilikaa karibu yake kumtazama. Aliondoa kibati cha chini, akavuta kwa kibano donge la uzi na vumbi lililoshindiliwa chini ya meno, gumu kama udongo wa kichuguu. Akadondosha mafuta tone tone kwenye kila tundu, akazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma, hadi chuma kikaacha kulia. Cherehani ya pili ilikuwa inaruka mshono. Alichukua muda mrefu bila kusema kitu, akiangalia tu sindano ikishuka na ndoano ya chini ikija kuchukua uzi. Ndoano ilikuwa inachelewa kidogo sana, mimi sikuuona ucheleweshaji huo hata aliponionyesha kwa kidole. Akalegeza skrubu, akasogeza, akakaza, akajaribu tena. Mkanda wa ngozi uliokuwa umelegea hakuubadilisha: aliukata kipande, akautoboa kwa msumari, akaunganisha kwa waya wake ule ule. Akina mama wakacheka. Mmoja akasema waliambiwa na fundi mwingine kwamba bila mkanda mpya haiwezekani.

Jambo lililonishangaza ni kwamba yote haya yalikuwa yanaendelea kwa Kizigua. Bibi mmoja aliyezaliwa bonde la Juba alikuwa anamsimulia fundi wa Ngamiani jinsi mashine ilivyoanza kusumbua, na fundi anamjibu, anamuuliza, wanataniana. Hapa na pale fundi alisimama kwenye neno, akalirudia, bibi akalizungusha kwa njia nyingine, wakaelewana. Mimi Mtanga wa mjini ndiye niliyehitaji kutafsiriwa.

Upande wa pili wa mti bibi mwenyekiti alikuwa na kazi yake ya miwani. Hatuna mashine ya kupima macho wala hatujifanyi madaktari. Tunampa mtu sindano na uzi, anajaribisha miwani dhaifu kwanza, kisha yenye nguvu zaidi, mpaka uzi upite. Mshonaji mmoja, mama wa makamo, alisema ameacha kushona kwa sababu mikono imezeeka. Alipovaa miwani ya tatu akaingiza uzi mara moja, akaivua, akaivaa tena, akaitazama sindano.

"Kumbe tundu ni kubwa hivi," akasema.

"Shikilia hiyo hiyo, dada yangu," bibi mwenyekiti akamwambia. "Mikono yako haina neno."

Wapo ambao miwani haikuwasaidia kitu. Mzee mmoja jicho lake lilikuwa na weupe katikati, mtoto wa jicho, na huyo tulimwandikia aende hospitali, maana hilo ni la kupasuliwa. Aliipokea karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka mfuko wa kanzu. Kisha akaniuliza nauli ya kwenda Tanga mjini ni kiasi gani. Nilipomtajia akatikisa kichwa tu, akabadilisha mazungumzo. Kwenye daftari langu niliandika nauli ya kwenda na kurudi ya watu wawili, mzee na wa kumshika mkono, chini ya kichwa cha habari ambacho bado hakina hela.

Ni mzee huyo aliyenitembeza. Mahindi yake yalikuwa yamekauka ncha, ufuta ulikuwa na hali nafuu. Alinionyesha nyumba zilizojengwa mwanzoni, nyingine zimeongezwa vyumba, nyingine bati limechoka, na nyingine tupu kwa sababu wenyewe wameondoka kutafuta maisha. Nilimuuliza kama hajawahi kutaka kurudi Juba. Alisema kule ana shamba la ndizi karibu na mto, maji hayakauki, na anaota kuhusu hilo shamba. Lakini wanawe wamezikwa huku, wajukuu wamesoma huku, na bibi yake aliyemlea alikuwa akisema siku zote kwamba kwao ni kusini, pwani, kwenye milima inayoonekana toka baharini.

"Alitwambia kwetu kuna mito," akasema. "Hakusema ni Handeni."

Tulicheka sana. Ni mtu tu anayelima Handeni anayeweza kuuelewa utani huo.

Handeni hiyo hiyo, upande wa Msomera, ndiyo iliyopokea wafugaji waliohamia kutoka Ngorongoro kuanzia mwaka 2022. Hayo yana wasemaji wake na ubishi wake, siyaingilii hapa. Nasema tu kwamba wilaya hii imezoea kupokea watu, na maji yake hayajaongezeka kwa mwendo huo huo.

Mchana tulitengewa ugali, mlenda na dagaa. Bibi mwenyekiti, ambaye nyumbani kwake mlenda haingii, aliomba kuongezwa. Baada ya swala fundi akarudi kazini, na hapo nikaona alikuwa na msaidizi: kijana mmoja, mtoto wa yule mama wa miwani, aliyekuwa anampa bisibisi kabla hajaiomba. Cherehani ya mwisho mwisho fundi hakuigusa kabisa. Alikaa na mikono mapajani, akimwelekeza kijana kwa Kizigua, fungua hicho, hapana, cha juu, sasa zungusha. Iliposhona msitari ulionyooka kwenye kipande cha kanga kuukuu, kijana hakusema kitu. Aliukata ule uzi kwa meno akautazama mshono nyuma na mbele.

Cherehani mbili zilishindikana. Moja imepasuka chuma chenyewe, fundi akaifungua akachukua vyuma vizima viwe akiba ya nyingine. Mikanda, sindano na mafuta yaliyobaki yakaandikwa mbele ya wote na kukabidhiwa kwa mwenyekiti wa akina mama.

Wakati tunapakia, mama yake kijana akamvuta fundi pembeni, kisha akaniita na mimi kwa kuwa ndiye mwenye daftari. Anataka mwanawe aje Ngamiani ajifunze kazi. Fundi hakukataa, ila alitaka kijana avune kwanza, maana hataki kuambiwa kamtorosha mtu shambani. Mama akauliza atalala wapi. Bibi mwenyekiti akasema kile chumba cha nyuma chenye marobota ya nguo kinaweza kuondolewa marobota. Chakula je? Fundi akasema mke wake hapiki kwa hesabu. Na malipo ya mafunzo? Hapo wakaanza kuvutana kweli kweli, mama anataka kulipa mahindi, fundi anasema mahindi ale yeye na wajukuu, mama anasema kwao mtu hafundishwi bure kama yatima. Dereva alikuwa ameshawasha gari, anapiga honi kwa sababu ya giza na ile njia ya vumbi. Walipatana gunia moja, lije na kijana, na fundi akaniambia niliandike.