Fremu ya picha niliyompelekea bibi Wete

Miezi miwili nimehangaika na kitu kimoja tu, fremu ya picha, zile za umeme zinazobadilisha picha zenyewe. Ni zawadi ya bibi yangu aliyeko Wete, Pemba. Yeye ana kitochi, sisi tuko huku Unguja na wengine Muscat, wajukuu anaonyeshwa kwenye simu ya jirani, anashikiwa kidogo tu kisha simu inaondoka na mwenyewe. Hilo likiniuma sana.

Nikaanzia sokoni Darajani. Ya kwanza inchi 7, bei nzuri, na pale mezani ikapendeza kweli. Lakini bibi hukaa kwenye mkeka, na fremu itakuwa juu ya kabati la vyombo, nikamwomba muuzaji aipandishe rafuni nami nikachutama chini nitazame. Wallahi sura zote zikageuka nyeusi, nguo nyeupe zikawa kijivu, yani kama negativu za zamani. Kwa hiyo ulizia kioo cha aina ya IPS, hicho utazame ubavuni utazame kwa chini, mtu unamjua ni nani. Mimi nikachukua inchi 10 yenye nukta 1280 kwa 800, kwa macho ya mtu mzima isiwe chini ya hapo.

Alafu nyingi sa hivi ni za waifai, unapakua programu kwenye simu unatuma picha popote ulipo, zinaingia kule. Raha tupu kama nyumba ina ruta (na nyingi hushika waifai ya masafa ya 2.4 GHz tu, si ya 5 GHz, angalia hilo). Kwa bibi hakuna ruta na sitaki zawadi itakayomfanya amtafute kijana wa kumuungia bando kila wiki. Nikataka yenye tundu la memori kadi, nikipata picha mpya nampa mtu anayepanda boti, kadi yenyewe ni kama ukucha, akishuka Mkoani ataipokea binamu yangu.

Sasa hili la umeme nakuombeni mlizingatie. Pemba tangu 2010 umeme unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, alhamdulillah, lakini kukatika kupo, na fremu nyingi hazina betri ndani. Dukani chomoa waya, urejeshe, usubiri. Ya pili niliyoijaribu iliwaka ikasimama kwenye menyu, inangoja mtu abonyeze, na vibonyezo viko nyuma. Bibi angekaa na menyu ya Kiingereza mpaka nirudi Idi! Niliyoichukua ikiwaka inaanza picha yenyewe, na ina saa ya kujizima usiku na kuwaka asubuhi, tokeni zisiende bure.

Picha za simu kwa kawaida ni 4 kwa 3 na kioo hiki kimelala kirefu zaidi, ukiiachia ijaze kioo inakata juu na chini. Ya babu, Mungu amrehemu, amesimama mbele ya karafuu zilizoanikwa, ilimkata kofia. Nikaweka ioneshe picha nzima, pembeni pabaki peusi, si neno.

Kazi iliyonichukua muda zaidi ni kuchagua picha. Fremu inakaa ukumbini, wageni wanaingia wanaume kwa wanawake, kwa hiyo zile za harusini dada zetu wamefungua vichwa nimezitoa zote, hata alizozipenda mama. Zikabaki 214.

Nimeipeleka mwenyewe, nikaiwasha baada ya laasiri. Bibi akasogea karibu, akashika ncha ya mtandio akafuta kioo, kilikuwa kisafi lakini akafuta. Ikatoka picha ya kitukuu wa Muscat ambaye hajawahi kumbeba. Akainama amtazame vizuri, picha ikabadilika.

"Mbona haikai? Sijamjua bado, keshaondoka."

Ilikuwa sekunde 10. Nikaweka dakika 5.